Mafuta ya Midomo ya Bibi Harusi

Msusi wa mlango wa pili anavyosimulia, Mama Kijiko alikusudia. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, siku chache kabla ya harusi ya mdogo wake, amesimama dirishani anakoroga sufuria huku midomo inamchezacheza kama mtu anayesemesha kitu. Anasema sufuria lilikuwa linatoa moshi wa kijani. Anasema mwanamke ambaye harusi yake mwenyewe ilikwisha kwa soda moja moja hawezi kumtengenezea zawadi mdogo wake anayeolewa na watu wenye gari, halafu roho yake ikawa nyeupe.

"Mimi sisemi kitu, shoga," humwambia kila anayekaa kwenye kigoda chake, akiwa ameshamkamata nywele na mwenzake hana pa kukimbilia. "Lakini mama mkwe mtu kaamka na midomo kama kabusu mzinga wa nyuki. Sasa niambie, hiyo zawadi au kisasi?"

Asichokisema Msusi ni kwamba kikopo cha Mama Kijiko, cha mkupuo wa zamani, kimo mfukoni mwa aproni yake. Kila akimaliza kichwa hukitoa, akachota kwa kidole kidogo, akapaka. Midomo yake ni laini kama ya mtoto, na ndiyo anayosimulia nayo.

Moshi wa kijani haukuwapo. Ulikuwapo mvuke wa maji, na bakuli lililokalishwa juu ya sufuria, na ndani ya bakuli nta ya nyuki ikilegea polepole kwenye mafuta ya nazi.

*

Mama Kijiko ni mpishi wa shule ya chekechea. Jina alipewa na watoto. Msimu wa baridi kavu ukiingia na vumbi lake, midomo ya watoto hupasuka, wakicheka inatoa damu, wakila chumvi wanalia. Alianza kuwatengenezea mafuta nyumbani, akawa anawapaka kwa mgongo wa kijiko cha chai kabla hawajashika sahani. Watoto wakazoea kupanga foleni, midomo wameibinua mbele kama vifaranga. Baadaye akaanza kuyaweka kwenye vikopo na kuwapa watu bure: mtoto wa shule, mama aliyejifungua, mgonjwa, jirani. Hakuwahi kuuza hata kimoja. Ilikuwa ndiyo njia yake ya kufika kwa mtu bila kwenda mikono mitupu.

Kwa hiyo Kitinda, mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, alipokuja na kusema, "Dada, nataka vile vikopo vyako, vya kuwagawia wageni wa upande wa mume," Mama Kijiko aliona kama amevishwa taji.

"Wote?"

"Wanawake tu. Mama mkwe hapendi vitu vya dukani. Anasema vimejaa madudu."

"Huyo mama mkwe tutapatana."

"Ila dada, viwe vizuri. Si kama vya watoto."

Pesa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya viatu vya Kidosho, binti yake, ikaenda kwa mrina asali kununua nta, na iliyobaki ikaenda kwenye vikopo. Kidosho hakununa. Alipewa kazi yake ya siku zote, ya kuchora nyota moja nyekundu kwenye kila kifuniko kwa rangi ya kucha, akatoa ulimi nje kwa umakini mpaka mwisho. Mama Kijiko alichuja nta kwa kitambaa mara mbili, akadondosha tone kwenye kijiko kilicholala ndani ya maji ya baridi, akaligusa. Gumu. Akaongeza mafuta. Akadondosha tena. Mama yao, anayekaa chumba cha uani, alikuwa ameketi kizingitini akipanga vifuniko kwenye mapaja yake.

Kitinda alichukua kikopo kilichoganda, akakinusa. "Mbona yananuka mzinga?"

"Yananuka nta. Ulitaka yanuke nini?"

"Sijui. Kitu. Mtu akifungua ajue hii ni ya bibi harusi."

"Mdomo si kwapa, mdogo wangu. Kila unachopaka hapo unakimeza."

"Haya, mpishi," alisema Kitinda, wote wakacheka. Hata Mama alicheka. Kitinda alikuwa akilala kwa Mama wiki hiyo ya mwisho, na boksi la vikopo likahamia huko chumba cha uani, ili lisisahaulike siku ya kubeba vitu. Kesho yake asubuhi Mama Kijiko akaenda kazini kwake.

*

Jumamosi, ukumbini, vikopo vilikuwa juu ya meza za upande wa mume tu. Vifuniko vilikuwa vimebandikwa karatasi ya dhahabu, na utepe juu. Mama Kijiko aliviona kwa mbali kutoka meza yao ya karibu na mlango wa jikoni, akasema moyoni, kumbe karatasi ndiyo ilikuwa inakosekana.

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti. "Wageni waalikwa! Mnaona hizo zawadi mbele yenu? Hazikununuliwa! Bibi harusi wetu, pamoja na shughuli zote, ameingia jikoni, akatengeneza mafuta ya midomo kwa mikono yake mwenyewe! Kwa ajili ya mama zake wapya! Makofi!"

Fundi Friji, mume wa Mama Kijiko, aliinama sikioni mwa mkewe. "Hiyo mikono yake iliingia lini jikoni kwetu?"

"Nyamaza, watu wanasikia."

"Si ndiyo vizuri?"

"Leo siku yake. Piga makofi."

Alipiga makofi yeye mwenyewe mpaka viganja vikapata joto. Alikuwa anamtazama mdogo wake, anangoja walau amtupie jicho, amkonyeze, wacheke wote wawili kwa siri. Kitinda alitazama keki. Alitazama mpiga picha. Kule mbele mama mkwe, mwanamke mnene mwenye mkufu, alifungua kikopo, akakinusa, akafumba macho kwa raha, akapaka. Akampa aliye kulia, akampa aliye kushoto. Akapaka tena.

*

Jumatatu, Mama Kijiko alipanga sahani kama kawaida. Mtoto mmoja wa darasa la wadogo, yule mwenye pengo, alibaki amekumbatia mkoba wake.

"Njoo upakwe, upewe chakula."

"Mama amesema nisile chako."

"Kwa nini?"

Mtoto akainua mabega. "Amenipa cha nyumbani."

"Basi kula cha nyumbani."

Mtoto alifungua kopo lake, akachungulia, akalifunga. "Hiki kibaya," akasema kwa unyonge, akitazama sufuria la Mama Kijiko.

Kabla sahani hazijaoshwa aliitwa ofisini. Mwalimu Mkuu hakumwambia akae. Juu ya meza palikuwa na kikopo chenye karatasi ya dhahabu.

"Mama yake yule mtoto ni binamu wa bwana harusi," alisema Mwalimu Mkuu. "Amekuja hapa asubuhi amejifunga mtandio usoni. Midomo imevimba, imetoka malengelenge. Mama mkwe wa mdogo wako alipelekwa kituo cha afya. Na kuna wengine."

"Jamani! Wamekula nini?"

"Wamepaka hiki." Alikisukuma kikopo kwa ncha ya kalamu. "Wazazi wanaulizana, kama alichotengeneza kimechoma watu wazima, kwenye sufuria la watoto anatia nini?"

"Mwalimu, pale ukumbini walisema bibi harusi ndiye aliyetengeneza."

"Ndiyo. Na baada ya watu kuvimba, bibi harusi huyo huyo akasema hapana, ni dada yangu, yule mpishi wa chekechea."

Mama Kijiko alisogea mezani. Alikichukua kikopo, akakifungua. Harufu ilimpiga puani mpaka machozi yakamlenga. Mdalasini. Si wa kusaga, ule mkali wa kwenye vichupa, ambao muuzaji mwenyewe huushika kwa tahadhari.

"Hii si yangu," alisema.

"Si yako?"

"Mimi sitii kitu. Nta na mafuta ya nazi, basi. Haya si mafuta yangu." Na ili amwonyeshe kwamba kikopo chenyewe kimetoka kwingine, aliingiza ukucha chini ya karatasi ya dhahabu, akaibandua.

Chini yake ilikuwepo nyota nyekundu ya Kidosho.

Mwalimu Mkuu aliitazama nyota, kisha akamtazama yeye. Watoto wa shule nzima walikuwa na nyota hiyo kwenye vikopo vyao.

"Kopo ni langu," alisema Mama Kijiko polepole. "Kilichomo ndani si changu."

"Sasa hayo maneno nikawaambie wazazi? Mimi sina ubaya na wewe. Ijumaa kuna kikao. Mlete huyo mdogo wako, aje aseme mwenyewe mbele yao ni nini kilichoingia humu na kiliingia vipi. Akisema, nitakusimamia. Asipokuja, Jumatatu jikoni ataingia mtu mwingine." Akashusha sauti. "Na mpaka hiyo Ijumaa, usipike. Saidia kufagia."

Alifagia. Watoto walipanga foleni mbele ya msaidizi wake, wakibinua midomo kwa mazoea, na hakuna aliyewapaka.

*

Mama alikuwa anashona kifungo cha shati Mama Kijiko aliposimama mlangoni.

"Mama, nani ametia mdalasini kwenye mafuta yangu?"

"Mdalasini gani tena?"

"Mama."

Sindano ilipita kwenye kifungo, ikarudi. "Kaa kwanza. Umetoka kazini, hujanywa hata maji."

"Sikai."

Mama akaweka shati pembeni. "Alikuwa anaona aibu, mwanangu. Alisema wale watu wakinusa nta watamwona wa kuja. Akanunua kichupa. Akayeyusha upya hapa, kwenye jiko langu, wewe ukiwa kazini."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Mama aliokota uzi uliodondoka, akauviringa kidoleni. "Nilikuwa nabandika karatasi."

Uani, Kidosho alikuwa anaruka kamba na viatu vilivyotoboka mbele. Mama Kijiko aliondoa macho kwenye viatu vile.

"Alitia kiasi gani?"

"Chote. Alisema akitia kidogo haitanukia. Mimi nilijaribu mdomoni, nikamwambia mbona inawasha? Akasema kuwasha ndiyo kunafanya kazi, ndivyo wanavyotaka wa mjini."

"Kwa hiyo ulijua. Ukumbini ulikaa karibu yangu, ukanitazama napiga makofi, na unajua."

"Nilijua yatakuwa yamepoa mpaka siku hiyo."

"Na jana? Watu walipovimba, akasema ni mimi. Hilo nalo ulijua?"

"Alinipigia simu analia. Ningemwambia nini? Wewe una nyumba yako. Mumeo hawezi kukufukuza kwa mafuta ya midomo. Yule ndiyo kwanza kaingia ugenini, hajajua hata chumvi inakaa wapi. Mkwe akijua ni yeye, na kwamba alidanganya mbele ya ukumbi mzima, atakula naye meza moja vipi?"

"Na mimi kazi yangu?"

"Kazi utapata nyingine."

"Wapi, Mama? Nani atamwajiri mpishi anayechoma watu midomo?"

Mama aliinua uso, na kwa mara ya kwanza macho yao yakakutana. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua zamani nani kati ya wanawe anaweza kubeba na nani hawezi. "Beba tu, mwanangu," alisema. "Wewe tangu mdogo ulikuwa hubebi kwa kelele."

Mama Kijiko akatoka. Fundi Friji alikuwa amechutama uani mbele ya friji la mtu, bisibisi mdomoni, na alikuwa amesikia yote, maana ukuta wa chumba kile ni wa mabati. Akaitoa bisibisi.

"Niende nikaseme mimi?"

"Ukisema wewe watasema nimekutuma."

"Basi niende nikakae tu pale kwao. Nisiseme kitu. Nikae, wanitazame."

Mama Kijiko alitaka kucheka, akashindwa. "Nitakwenda mwenyewe," alisema. "Ni mdogo wangu. Nimembeba mgongoni huyu. Tukionana uso kwa uso hataweza."

*

Geti la ukweni lilifunguliwa na Kitinda mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni jipya la nyumbani, na alipoona nani amesimama nje, kwanza aligeuka kutazama nyuma yake.

"Dada. Umekuja bila kupiga simu."

"Simu unaipokea?"

Hakumpeleka sebuleni. Alimketisha barazani, kwenye kiti cha plastiki, akamletea juisi kwenye bilauri yenye maua. Akakaa ukingoni mwa kiti kingine kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Dirisha la chumba lililokuwa nyuma yao lilikuwa wazi, pazia limeshushwa.

"Mama amelala," alinong'ona Kitinda, na ilimchukua Mama Kijiko muda kidogo kuelewa kwamba mama anayetajwa si mama yao. "Bado anakula kwa mrija. Tusiongee kwa sauti."

"Anaendeleaje?"

"Uvimbe unashuka. Ananiuliza kama nilikuwa nakujua vizuri."

"Unanijua vizuri?"

Kitinda alitazama bilauri. "Dada, ungekuwa wewe ungefanya nini? Walikuwa wamenizunguka wote, wana vioo mkononi, wananitazama. Maneno yalitoka tu."

"Ya kwanza ndiyo yaliyotoka tu? Kwamba ulitengeneza kwa mikono yako?"

"Yale alisema mshereheshaji."

"Yeye aliambiwa na nani?"

Nyuma ya pazia kitanda kililia kidogo.

"Sikuja kugombana," alisema Mama Kijiko. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, sasa yalitoka machache. "Sitaki uwaambie hawa. Mkweo abaki anavyojua. Mimi nitakuwa mbaya humu ndani mpaka siku mtakaponisamehe wenyewe, sawa. Naomba kitu kimoja. Ijumaa asubuhi, uje shuleni. Kikao ni cha wazazi. Useme kichupa kile kilitiwa baada ya mafuta kutoka kwangu. Huna haja hata ya kusema kilitiwa kwa ajili gani."

"Yule binamu si atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Si atakuja kusema hapa?"

"Huenda akasema. Au umfuate mapema, umwombe. Wewe unajua kuomba, mdogo wangu. Tangu utotoni, hakuna aliyeweza kukunyima."

Machozi yalimjaa Kitinda machoni lakini hayakudondoka. Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. Halafu, kwa mazoea tu, kama mtu anayejikuna, alitia mkono mfukoni mwa gauni, akatoa kikopo, akakifungua, akapaka midomo yake. Midomo isiyokuwa na jeraha wala uvimbe, mizuri, inang'aa.

Upepo ulileta harufu yake mpaka kwenye kiti cha plastiki. Nta tupu. Harufu ya mzinga.

Mama Kijiko alitazama kifuniko kilichokuwa mkononi mwa mdogo wake. Hakikuwa na karatasi ya dhahabu. Kilikuwa na nyota.

"Hicho hukukitia mdalasini," alisema.

Kitinda alishtuka, akakifunga haraka, lakini hakujua tena pa kukiweka.

"Ulijua yanachoma," alisema Mama Kijiko, kwa sauti ileile ndogo ya barazani. "Ukajitengea kimoja."

"Yaliniwasha kidogo tu, dada. Mimi ngozi yangu laini, unaijua. Nilidhani wao..."

"Nani huyo?" sauti nzito iliuliza kutoka nyuma ya pazia, midomo ikiwa haifungiki sawasawa kwenye maneno. "Mwanangu, unaongea na nani?"

Kitinda alisimama wima. "Ni jirani, Mama," aliitikia, kwa sauti tamu ya mtoto mwema. "Anaondoka sasa hivi."

Juisi ilikuwa haijaguswa. Mama Kijiko aliinuka, akakiweka kiti cha plastiki sawa na ukuta kama alivyokikuta, kwa sababu ndivyo mikono yake ilivyozoea. Alisogea karibu, karibu kabisa, mpaka angeweza kumshika kidevu kama alivyomshika enzi zile za kumlisha.

"Ijumaa asubuhi," alisema. "Utakuja?"

Kitinda alikuwa ameinamisha kichwa. Kikopo kilikuwa bado mkononi mwake, na kwa ukucha wake mrefu wa harusi alikuwa ameanza, taratibu, upande kwa upande, kuikwangua ile nyota.